Friji ya chanjo, mlango wa sekunde 30 na hatua ya muda

## Usuli

Watu wanne walipewa kazi iliyoonekana ndogo: kukadiria chanjo zinakaa salama kwa muda gani ndani ya friji ya zahanati baada ya umeme kukatika. Chanjo nyingi za watoto hutunzwa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi. Muuguzi aliyeomba kazi hiyo hakutaka grafu wala ripoti. Alitaka kujua jambo moja: umeme ukikatika asubuhi ya siku ya kliniki, ana muda gani kabla ya kuanza kuhamishia chanjo kwenye visanduku vya barafu?

Kupima moja kwa moja kulikuwa kugumu, kwa kuwa friji hiyo ilikuwa inatumika. Tena walitaka kujaribu hali nyingi: siku ya joto na siku ya baridi, friji iliyojaa na iliyo nusu, mlango unaofunguliwa mara chache na mara nyingi. Wakaamua kuiga friji kwa milinganyo tofautishi, yaani milinganyo inayoeleza kasi ya badiliko, na kuitatua kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Mimi niliitwa baadaye, watu wakiwa wameshaanza kubishana.

Nimeondoa kila kinachoweza kumtambulisha mtu au mahali. Vipimo vya friji nimevisawazisha viwe namba nzima na majibu yote nimeyapiga upya kwa vipimo hivyo, ili msomaji aweze kuyarudia kwa kalamu na karatasi. Makosa sijayasawazisha. Yalitokea kwa mfuatano huuhuu.

## Mfano walioujenga

Walihesabu joto mbili tu. Ya kwanza ni hewa ya ndani: friji ya lita 100 ina hewa ya karibu gramu 120, nayo huhitaji jouli 120 kupanda nyuzi moja. Ya pili ni mzigo, yaani chanjo pamoja na chupa za maji zilizowekwa kusaidia kuhifadhi ubaridi, jumla kama kilo 20 za maji: jouli 84,000 kwa kila nyuzi. Kuta hupitisha wati 1 kwa kila nyuzi ya tofauti kati ya nje na ndani. Kati ya hewa na mzigo hupita wati 5 kwa kila nyuzi. Mlango ukiwa wazi, wati 20 zaidi kwa kila nyuzi huingia. Nje ni nyuzi 30, na umeme unapokatika kila kitu ndani kiko nyuzi 4.

Kwa msimbo ni mistari miwili:

```
dTh = (U*(30 - Th) + 5*(Tm - Th)) / 120
dTm = 5*(Th - Tm) / 84000
```

`Th` ni joto la hewa, `Tm` la mzigo, na `U` ni 1 mlango ukifungwa, 21 ukiwa wazi. Fundi wa majokofu atauliza kuta zenyewe zimekwenda wapi, maana nazo hushika joto. Ana haki ya kuuliza. Lakini hata mfano huu mwepesi ulitosha kuwaangusha.

## Mambo yalivyokwenda

### Hatua ya dakika moja

Walianza na njia ya Euler, ile ambayo Leonhard Euler aliieleza mwaka 1768 na ambayo kila mwanafunzi huanza nayo: pima kasi ya badiliko ilivyo sasa, tembea nayo kwa hatua nzima kana kwamba haitabadilika, kisha pima tena. Ukubwa wa hatua waliuweka sekunde 60. Kwa nini 60? Kwa sababu kinasa joto kilichokuwa ndani ya friji huandika kipimo kila dakika, nao walitaka safu za mfano zilingane na safu za kinasa. Sababu nzuri kwa mpangilio wa faili, lakini haihusiani hata kidogo na milinganyo.

Joto la hewa likatoka hivi: 4, kisha 17, kisha −9, kisha 43, kisha −61. Mlango umefungwa, umeme umekatika, na hewa ya friji inaruka kutoka jangwani hadi ncha ya dunia kila dakika. Baada ya hatua elfu moja na ushee namba ilivuka kikomo cha Python, kama 1.8 × 10³⁰⁸, na safu zote zilizofuata zikajaa `nan`, yaani "si namba".

Walicheka, wakapunguza hatua.

### Hatua ya nusu dakika

Kwa sekunde 30 mambo yalitulia. Hewa ilitikisika kidogo dakika mbili za mwanzo, kisha ikapanda taratibu. Mzigo ulifika nyuzi 8 baada ya muda wa saa 4 na dakika 41. Mmoja wao, aliyesoma fizikia, akahakikisha kwa mkono: joto linapita kuta na hewa kwa mfululizo, wati 5/6 kwa kila nyuzi, kwa hiyo mzigo unatulia kwa saa 28, na 28 × ln(26/22) ni saa 4.68. Majibu yalilingana hadi dakika.

Jibu hilo lilikuwa sahihi, na hapo ndipo shida ilipojificha. Sekunde 30 zilipata cheti cha uaminifu katika hali moja tu, ile ya mlango uliofungwa, kisha zikabebwa na cheti hicho kwenda hali nyingine.

### Mlango unafunguliwa

Muuguzi alipoonyeshwa jibu aliuliza, "Hapo mmehesabu na mimi ninavyofungua mlango?" Hawakuwa wamehesabu. Siku ya kliniki hufungua kila baada ya dakika 7 na nusu hivi, mara 8 kwa saa, na kila mara mlango hukaa wazi kama nusu dakika.

Wakaongeza mlango kwenye msimbo, hatua ikabaki sekunde 30. Mzigo sasa ulifika nyuzi 8 baada ya saa 2 na dakika 13. Ingekubalika kama si mmoja wao kuchungulia safu ya hewa: kila mlango ulipofunguliwa, hewa ilipanda hadi nyuzi 117, katika chumba chenye nyuzi 30.

Mwandishi wa msimbo alilitibu kwa mstari mmoja wa `np.clip`: joto la hewa lisizidi 30 wala lisishuke chini ya −5. Grafu ikapendeza, jibu likawa saa 3 na dakika 50.

Mwenzake hakuridhika. Alikumbuka somo la chuoni kwamba ukitilia shaka hatua, ipunguze nusu uone. Aliondoa ile `np.clip`, akaweka sekunde 15. Jibu: saa 6 na dakika 29.

Hebu soma tena. Mlango usipofunguliwa kabisa, saa 4 na dakika 41. Mlango ukifunguliwa mara nane kwa saa, saa 6 na nusu. Ujumbe alionitumia usiku ule ninao bado: "Mwalimu, kwa hesabu hizi tumwambie muuguzi afungue mlango mara nyingi zaidi, chanjo zinapoa."

### Kitatuzi cha kisasa

Kabla sijajibu, mtu wa nne alikuwa ameshatupa kitanzi chote cha hatua za Euler na kuweka `solve_ivp`, kitatuzi cha milinganyo tofautishi cha maktaba ya SciPy kinachojichagulia hatua, kwa njia iitwayo Radau, akiwa amesoma kwamba inafaa milinganyo ya aina hii. Programu ilimaliza kufumba na kufumbua. Grafu ilikuwa laini, yenye nukta kila sekunde 10, na jibu likawa dakika chache tu pungufu ya saa 4 na dakika 41. Akahitimisha kwamba mlango hauna athari ya maana, na kwamba wenzake walikuwa wanapigana na kivuli cha Euler.

Kwa hiyo siku nilipoketi nao mezani kulikuwa na majibu manne ya swali moja: 2:13, 3:50, 6:29 na karibu 4:41. Kila mmoja alikuwa na grafu yake.

## Maamuzi na sababu zake

### Kuzima kompyuta kwanza

Niliwaomba wafunge kompyuta, tutafute muda wa kutulia wa kila kitu ndani ya friji hiyo. Muda wa kutulia ni ule ambao tofauti hupungua hadi asilimia 37 ya ilivyokuwa. Unaupata kwa kugawanya uwezo wa kushika joto kwa jumla ya njia za kupitisha joto.

Hewa, mlango ukiwa umefungwa: 120 ÷ 6 = sekunde 20. Hewa, mlango ukiwa wazi: 120 ÷ 26 = sekunde 4.6. Mzigo: saa 28, yaani sekunde 100,800. Kati ya kilicho chepesi na kilicho kizito hapo kuna tofauti ya zaidi ya mara elfu ishirini.

Katika Euler ya kawaida, tofauti iliyobaki huzidishwa kila hatua kwa 1 − (hatua ÷ muda wa kutulia). Weka sekunde 60 juu ya 20, unapata −2: kosa linageuka upande na kuwa maradufu kila hatua. Ndiyo ile 17, −9, 43, −61. Weka 30 juu ya 20, unapata −0.5: linageuka upande lakini linapungua, ndiyo maana sekunde 30 zilionekana njema. Sasa fungua mlango: 30 juu ya 4.6 inatoa −5.5.

Ni kama mpishi anayeonja mchuzi mara moja kila nusu saa. Chumvi pungufu, anamimina kiganja kizima. Akirudi imezidi, anaongeza maji sufuria tele. Mkono wake haujakosea upande hata mara moja. Kinachomponza ni kukaa mbali na jiko wakati mchuzi umeshabadilika.

Kikomo cha Euler, basi, ni hatua isiyozidi mara mbili ya muda mfupi kuliko yote: sekunde 40 mlango ukifungwa, sekunde 9.2 ukiwa wazi. Mmoja aliuliza kama Runge-Kutta ya daraja la nne, njia inayopima kasi mara nne ndani ya kila hatua, ingewaokoa. Kikomo chake ni mara 2.785 badala ya mara 2, yaani kama sekunde 12.9 kwa mlango ulio wazi. Kwa sekunde 30 nayo ingelipuka.

### Kupima ufunguzi mmoja

Uamuzi wa pili ulikuwa kuacha kubishania saa nzima za mfano na kupima ufunguzi mmoja tu: mlango ukikaa wazi sekunde 30 kisha ukafungwa, mzigo unapata jouli ngapi za ziada? Mfumo huu ni wa mstari na vipimo vyake havibadiliki kati ya kufungua na kufunga, kwa hiyo jibu kamili lipo kwenye karatasi, au kwa `expm` ya SciPy, inayopiga hesabu hiyohiyo, ukiwa mvivu. Ni jouli 3,780, sawa na nyuzi 0.045 za mzigo. Kisha tukarudia kwa Euler kwa hatua mbalimbali:

| Hatua (sekunde) | Joto la ziada kwa mzigo (jouli) |
|---|---|
| 30 | 10,833 |
| 15 | −2,708 |
| 10 | 5,818 |
| 7.5 | 3,586 |
| 5 | 3,782 |
| 1 | 3,781 |

Jedwali hili ndilo lililomaliza ubishi. Kwa sekunde 30 joto ni karibu mara tatu ya ukweli. Kwa sekunde 15 limegeuka hasi: hewa iliruka hadi 62.5, kisha hatua ya pili ikaitupa hadi −59.4, mlango ukafungwa hewa ikiwa imeganda, na ubaridi huo wa bandia ukapewa mzigo. Chini ya sekunde 9.2 namba zinarudi kwenye akili, na kuanzia 5 kushuka hakuna tena cha kubishania.

Ile `np.clip` nayo tuliipima: jouli 2,167, pungufu kwa asilimia 43. Kukata kilele cha hewa ni kutupa joto ambalo mfano ulikuwa umeshaliingiza, na hakuna mstari wowote wa msimbo uliojua kwamba limetupwa.

### Kumulika Radau

Radau haikulipuka, wala haikupaswa kulipuka. Ni ya kundi la njia za nyuma, zinazotafuta jibu la mwisho wa hatua badala ya kusukuma kutoka mwanzo wake, kwa hiyo hewa nyepesi haizitishi. Shida yake ilikuwa nyingine. Tulichapisha `sol.t` bila `t_eval`, ile orodha ya nyakati unazotaka kuonyeshwa, tukaona nyakati ambazo kitatuzi kilikanyaga kweli: mapengo mengine yalizidi nusu saa. Mzigo unabadilika taratibu mno, kitatuzi kikaona hakuna haja ya kusimama mara kwa mara. Milango minne ilifunguliwa na kufungwa katikati ya hatua moja, nacho hakikuwapo.

Zile nukta za kila sekunde 10 zilitoka kwenye `t_eval`, ambayo haibadilishi hatua za kitatuzi hata kidogo. Hujaza tu nukta kati ya hatua zilizokwisha kupigwa. Hili liliwashangaza wote wanne, na sioni aibu kusema kwamba miaka ya nyuma liliwahi kunishangaza na mimi.

Tulipousogeza mwanzo wa ufunguzi kwa sekunde chache, jibu lilicheza kwa dakika, kwa sababu safari hii kitatuzi kilikanyaga mlango mmoja na safari nyingine kikaukosa. RK45, ambayo `solve_ivp` hutumia usipoiambia kitu, ingeburuzwa na hewa hadi hatua za karibu dakika moja, hivyo ingeiona milango mingi zaidi. Lakini kuona mingi hakutoshi.

Kulikuwa na jambo jingine dogo. Toleo hilo la Radau lilihesabu kwa Kelvini, yaani Selsiasi ukiongeza kama 273. Uvumilivu wa makosa (`rtol`) usipoguswa ni sehemu moja ya elfu ya thamani yenyewe kwa kila hatua, na sehemu moja ya elfu ya 281 ni nyuzi 0.28. Kwa Selsiasi, karibu na nyuzi 8, kipimo hichohicho ni 0.008. Tukashusha `rtol` na kurudi kwenye Selsiasi.

### Njia tuliyoichagua

Tulikata muda katika vipande kwenye kila tukio la mlango, kila kipande kikatatuliwa peke yake kwa Radau, mwisho wa kimoja ukiwa mwanzo wa kinachofuata:

```
hali = [4.0, 4.0]
for t0, t1, U in vipande:
    s = solve_ivp(friji, (t0, t1), hali, args=(U,),
                  method="Radau", rtol=1e-6,
                  events=nyuzi_nane)
    hali = s.y[:, -1]
    if s.status == 1:
        break
```

`nyuzi_nane` ni funksheni inayorudisha `Tm - 8` na yenye `terminal = True`; huikamata dakika halisi ya kuvuka badala ya kusubiri nukta inayofuata. Ndani ya kipande hakuna kitu kinachoruka ghafla, kwa hiyo kitatuzi kiko huru kuchagua hatua zake.

Nitakuwa mkweli kuhusu uamuzi huu: kwa ripoti ya kwanza haukuhitajika. Euler ya hatua ya sekunde 1 ingetoa jibu lilelile kwa hatua elfu kumi na mbili na kidogo, kazi ambayo laptopu ya zamani huimaliza kabla hujainua kikombe. Tulichagua vipande kwa sababu walikuwa na mpango wa kupitisha hali nyingi sana, na baadaye kuongeza kikandamizaji kinachowaka na kuzimika. Euler ya sekunde 1 tuliihifadhi kama shahidi.

Kulikuwa na pendekezo la kumaliza ubishi wote kwa hatua ya 0.001. Siku moja ya mfano ingekuwa hatua milioni 86.4, na kila safu ya joto ingekula megabaiti 691 za kumbukumbu, ili kupata tarakimu ambazo hakuna kipimajoto cha zahanati kinachoweza kuzisoma. Tena aliyependekeza alikuwa akihesabu muda kwa `t += 0.1`. Namba 0.1 haina umbo kamili katika mfumo wa tarakimu mbili, kwa hiyo saa ya mfano husogea kidogo kidogo, na mlango wa hatua 300 mara nyingine hukaa wazi hatua 301. Hesabu hatua kwa namba nzima `n`, kisha zidisha.

## Matokeo

Mlango ukifungwa: saa 4 na dakika 41. Mlango ukifunguliwa mara 8 kwa saa: saa 3 na dakika 22. Vipande kwa Radau, Euler ya sekunde 1 na hesabu ya karatasi vyote vilikubaliana hapo.

Baadaye walipata nafasi ya kuijaribu friji yenyewe, ikiwa na chupa za maji badala ya chanjo. Ilipata joto mapema kuliko mfano, na safari hii hakuna aliyemtazama mwandishi wa msimbo. Makosa ya hesabu yalikuwa yameshajulikana kuwa ya sekunde tu, kwa hiyo tofauti ya dakika nyingi ilibidi itoke kwenye friji. Jaribio la usiku, mlango ukiwa umefungwa, lilionyesha kuta na mpira wa mlango vinavujisha wati 1.2 kwa nyuzi, si 1. Kwa namba hiyo mfano ulitoa saa 3 na dakika 4, na jaribio la mchana likatofautiana nao kwa dakika chache.

Muuguzi alipewa maelekezo mafupi: siku ya kliniki umeme ukikatika, chanjo zianze kuhamishwa kabla ya muda wa saa mbili kupita tangu ulipokatika. Mpira wa mlango ulibadilishwa.

## Uchambuzi

Kilichofaa kuliko vyote kilitoka kwa mtu asiyejua Python. Swali la muuguzi kuhusu mlango ndilo lililofichua kwamba muda mfupi kuliko yote katika mfumo huu si sekunde 20 bali 4.6, na kwamba kuna tukio la sekunde 30 ambalo hatua lazima iliheshimu. Hizo mbili ni namba tofauti na zinadai vitu tofauti. Ya kwanza huamua kama njia ya mbele, inayosukuma kutoka mwanzo wa hatua kama Euler ya kawaida, italipuka. Ya pili huamua kama kitatuzi chochote, hata cha bei ghali, kitaliona tukio. Radau ilishinda mtihani wa kwanza ikaanguka wa pili. Euler ya sekunde 15 ilikuwa kinyume chake: iliona kila mlango, ikaharibu kila mlango.

Hesabu ya mkono ya saa 28 nayo ilikuwa kazi nzuri, ila ilithibitisha kitu chembamba kuliko walivyodhani. Kwa mzigo peke yake usahihi haukuwahi kuwa tatizo: kwa hatua ya sekunde 30 kosa la Euler katika saa 4 na dakika 41 ni kama sekunde mbili na nusu. Hata hatua ya saa nzima, kwa Euler ya nyuma, ingekosea dakika tano hivi. Kilichokuwa kinawabana ni hewa, ambayo hakuna aliyejali joto lake. Ndiyo tabia ya milinganyo ambayo Charles Curtiss na Joseph Hirschfelder waliipa jina mwaka 1952, kwa Kiswahili labda tuiite mikakamavu: kitu usichokihitaji ndicho kinachokupangia hatua.

Zoezi la kupunguza hatua nusu ni zuri, na aliyelifanya astahili sifa. Kasoro ni kwamba alilifanya mara moja, kati ya namba mbili ambazo zote ziko nje ya kikomo. Kutoka 30 hadi 15 hakukuwa kusogelea ukweli bali kuhama kutoka kosa moja kwenda jingine. Angeendelea hadi 7.5, na 3.75, angeona namba zinaanza kukaa. Mimi huamini zoezi hilo pale tu ninapoona punguzo mbili mfululizo zinazokubaliana.

Kuhusu `np.clip` nina neno kali kidogo. Namba 117 ndani ya friji ni kengele inayolia. Aliyeweka `np.clip` alikata waya wa kengele, akabaki na jibu lenye makosa lililovaa nguo za heshima: saa 3 na dakika 50 haionekani mbaya, iko mahali ambapo jibu lingeweza kuwa, na ingemwambia muuguzi ana karibu nusu saa zaidi ya ile aliyokuwa nayo kweli. Kati ya majibu manne yaliyofika mezani, hilo lilikuwa karibu zaidi na ukweli, na ndilo lililoniogopesha kuliko yote, kwa sababu hakuna ambaye angelihoji.

Wote wanne walichora mzigo peke yake. Ungechora hewa kwenye karatasi hiyohiyo, 117 na −59 zingekaa wazi mbele ya kila mtu siku ya kwanza, na mapengo ya Radau yangeonekana kama hewa isiyotikisika hata mlango unapofunguliwa.

Sasa wanagawanya kuta katika tabaka ili zishike joto kama inavyopaswa. Nimewatahadharisha kwamba kwa njia ya mbele, ukipunguza unene wa tabaka nusu, hatua inayoruhusiwa hushuka hadi robo. Kuhusu ule mstari wa `np.clip`, upo bado mahali palepale kwenye faili, ila aliyeuandika ameugeuza kuwa `assert`: hewa ikizidi joto la nje, programu inasimama na kuchapa joto, dakika, na hali ya mlango.